Kuchovya tindo isipasuke: yanayotokea ndani ya chuma kikipoa ghafla

Ijumaa moja jioni mpwa wangu alichovya tindo nne zikiwa nyekundu kwenye mafuta, moja baada ya nyingine, akazifuta mafuta na kuzilaza kwenye benchi. Giza lilikuwa limeshaingia. Akaniambia, "Mjomba, kutempa tutatempa kesho," nami nikakubali, tukafunga banda. Kutempa ni kuipasha tena kwa moto mdogo tindo iliyochovywa, ilegee kidogo isivunjike. Chumba changu kiko uani, nyuma ya karakana. Usiku wa manane nikasikia mlio mmoja mkali, tik, kama kijiti kikavu kinavyovunjika. Asubuhi tukakuta tindo ya tatu ina ufa mwembamba kama unywele, kuanzia makalini hadi karibu na katikati. Hakuna aliyeigusa. Ilipasuka imelala, ikiwa baridi kabisa.

Ufa ule ndio ulionifanya niandike haya. Vijana wengi wanaoingia kwenye kazi yetu wanafundishwa mikono tu: pasha iwe nyekundu, chovya, tempa. Mikono ni lazima, lakini asiyejua kilichomo ndani ya chuma ataahirisha kutempa kama tulivyoahirisha sisi, kwa sababu kwa macho tindo iliyochovywa inaonekana imekwisha. Nami nasema bado, na nitaeleza kwa nini kabla ya kuwasha moto.

Chuma ni fuwele. Atomi zake zimepangwa kwa safu, safu juu ya safu, kama muuza machungwa anavyopanga mafungu yake, na mpango huo unajirudia pande zote. Kipande kimoja cha chuma si fuwele moja bali ni punje nyingi ndogo zilizoshikana, kila punje ikiwa imeelekeza safu zake upande wake. Na hakuna punje iliyopangika sawasawa kabisa. Kuna mahali atomi inakosekana, pakabaki pengo. Kuna mahali safu nzima inaanza vizuri kisha inaishia katikati, haifiki upande wa pili. Kuna mipaka punje inapokutana na punje. Hizo ndizo kasoro za fuwele. Neno kasoro lisikutishe: ugumu wa tindo umejengwa kwa hizo hizo.

Usiniamini kwa maneno, zitazame mwenyewe. Nenda kwa fundi baiskeli, nunua gololi 300 za kitovu cha nyuma, zote za ukubwa mmoja. Tafuta fremu ya picha yenye kioo, ukubwa wa kiganja na nusu kila upande, uzungushie ndani vijiti vya mbao ili kati ya kioo na ubao wa nyuma gololi zienee safu moja tu, zisipandiane. Ziwe zimejaza kama nusu ya nafasi au zaidi kidogo. Ilaze fremu mezani, upande mmoja uinue kwa kitabu chembamba. Sasa itikise kwa nguvu mpaka gololi zikimbie ovyo kama maji yanayochemka, kisha iachie ghafla itulie.

Washa taa pembeni, fumba jicho moja, angalia usawa wa meza. Utaona vitongoji vitongoji: hapa gololi zimejipanga kuelekea huku, pale kuelekea kule, na kati yao mpaka uliovurugika. Ndani ya kitongoji utaona tundu la gololi moja. Tafuta kwa utulivu utaipata na safu inayokatika njiani, safu mbili za jirani zikijibana kuifunika. Huko ndiko kupoa ghafla: kila gololi ilisimama pale ilipokuwa, haikupewa muda wa kutafuta kiti chake. Usiitikise tena. Gonga ukingo wa fremu kwa kidole, polepole, dakika mbili au tatu. Matundu yanahama, yanafika ukingoni, yanapotea. Vitongoji vidogo vinamezwa na vikubwa. Huko ndiko kupoa taratibu. Mpwa wangu alikaa na fremu ile saa nzima siku ya kwanza, na tangu hapo sijalazimika kumweleza mara mbili.

Zile safu zilizokatika ndizo zenye kazi kubwa. Vitabu huziita dislokesheni. Mwaka 1934 watu watatu, Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi, kila mmoja kivyake, walieleza kwamba metali hupinda kwa sababu mistari hiyo inatembea ndani yake. Mtazame jongoo anavyokwenda. Hainui miguu yote kwa pamoja, angehitaji nguvu nyingi mno. Wimbi dogo linapita, miguu michache inanyanyuka, wimbi linasogea mbele, na mwisho wa wimbi jongoo mzima amesogea. Ukipinda msumari, ndivyo atomi zinavyosogea: mstari uliokatika unapita, safu moja baada ya nyingine, mpaka upande mzima umehama. Kukiwa na mistari michache yenye njia wazi, chuma ni laini. Mistari ikiwa mingi mpaka inakwamana, mithili ya watu Kariakoo mkesha wa Idi, hakuna wa kusogea, na chuma kinakuwa kigumu.

Kabla ya kwenda kwenye chuma, fanya jambo moja dogo na waya wa shaba, kwa sababu litakutoa kwenye kosa ambalo hata mafundi wakubwa wanalo. Uponde waya kwa nyundo mpaka ukakamae. Upashe moto uwe mwekundu hafifu, uutumbukize kwenye maji. Upinde. Ni laini kama uzi! Umepoa ghafla na haukuwa mgumu. Nyundo ndiyo iliyoujaza mistari iliyokatika, moto ukaifuta, na maji hayakuirudisha. Kwa hiyo maji peke yake hayagumishi kitu. Kilichobaki ndani ya shaba kutokana na kupoa haraka ni mapengo ya atomi. Metali ikikaribia kuyeyuka, mahali pamoja au zaidi kidogo katika kila 10,000 panakuwa patupu. Ikipoa taratibu mapengo hutoka, ikipoa ghafla mengi yananaswa. Kwa shaba ya waya hayo hayakusaidii sana. Kwa aluminiamu yanasaidia mno. Mwaka 1906 Mjerumani Alfred Wilm alichovya aluminiamu iliyochanganywa na shaba na magnesiamu kidogo, akaona inazidi kuwa ngumu yenyewe siku zilizofuata, ikiwa imekaa tu. Atomi za shaba zilikuwa zinahama kupitia mapengo yaliyonaswa, zinakusanyika vikundi vikundi na kuzuia njia. Ndiyo maana mafundi wa ndege huweka baadhi ya riveti zao kwenye friji baada ya kuzichovya, zisiwahi kukakamaa kabla ya kupigwa.

Chuma kina jambo la ziada. Kikiwa baridi, atomi zake zimekaa kwenye kona za kijisanduku na moja katikati. Kikipashwa moto, chuma safi kikivuka nyuzi 912, zinajipanga upya: kwenye kona na katikati ya kila uso wa kijisanduku. Chuma chenye kaboni huanza mabadiliko hayo mapema, nyuzi 727. Katika mpango huo wa moto kuna nafasi ambazo kaboni inaingia vizuri. Katika mpango wa baridi karibu haina pa kukaa. Kikipoa taratibu, kaboni inapata muda wa kutoka na kujitenga, na chuma kinarudi laini. Kikichovywa, atomi za chuma zinaruka kurudi mpango wa baridi kwa kasi ya ajabu huku kaboni imenaswa ndani, na kijisanduku kinavutika upande mmoja. Umbo hilo linaitwa martensaiti, kwa jina la Mjerumani Adolf Martens. Kuruka huko kunasukuma na kukata kila kitu jirani, na hapo ndipo kasoro zinapozaliwa kwa wingi usioelezeka kirahisi. Chukua chuma kilichopoa taratibu, ukubwa wa sentimita moja kila upande. Ukiunga mistari yote iliyokatika ndani yake utapata kilomita kati ya 10 na 1,000 hivi. Kipande kile kile kikiwa martensaiti, mistari inafika kilomita milioni moja na kuzidi. Kwenda mwezini ni kilomita 384,400. Yote hayo ndani ya kipande kinachoenea kwenye ukucha wa dole gumba.

Tena martensaiti inachukua nafasi kubwa kuliko chuma cha moto kilichoizaa, karibu asilimia 4 kwa ujazo. Ngozi ya tindo inapoa kwanza, inakuwa ngumu na kavu. Kisha moyo unapoa, unataka kutanuka, na ngozi haitaki. Tindo yetu ya Ijumaa ililala na ugomvi huo tumboni mpaka ngozi ikashindwa.

Sasa kazi. Natumia springi za malori, za Isuzu au Fuso, ninazonunua kwa wauza skrepa. Mara nyingi ni chuma chenye kaboni karibu asilimia 0.6 na kromiamu kidogo, na kinapenda mafuta, hakipendi maji. Springi iliyotumika inaweza kuwa na nyufa usizoziona. Ipake mafuta ya taa, iache robo saa, ifute ikauke, kisha paka unga wa chaki. Penye ufa mafuta yatarudi juu na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Kipande hicho tupa, usijaribu kukiokoa.

Kata kwa grenda kipande cha sentimita 20 kwa upana wa vidole viwili. Kifue kikiwa na rangi ya chungwa, acha nyundo kinapoingia wekundu wa giza. Kupiga chuma kilichofifia ni kukipanda nyufa. Makali usiyafue yawe membamba kabla ya kuchovya. Acha unene wa milimita 2, utanoa baadaye. Mikwaruzo ya tupa iwe ya kwenda na urefu wa tindo, kwa sababu mkwaruzo wa kukata upana ni mlango wa ufa.

Hatua inayofuata wengi wanairuka, na inaniuma kila ninapoona inarukwa. Pasha tindo mpaka sumaku isiishike, itoe, iache ipoe kwenye hewa tulivu mpaka iwe nyeusi. Rudia mara tatu. Kila mara mpango wa atomi unapogeuka na kurudi, punje mpya ndogo zinazaliwa mahali pa zile kubwa ulizozikuza wakati wa kufua. Punje ndogo maana yake mipaka mingi, na ufa ukikuta mipaka mingi hauna njia iliyonyooka.

Mafuta: situmii oili chafu ya injini, moshi wake ni sumu na nimeuvuta miaka ya kutosha. Nanunua mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi. Yachuje kwa kitambaa, kisha yachemshe kwenye moto mdogo, ukiwa hapo hapo, mpaka yaache kutoa mapovu. Mapovu ni maji, na maji chini ya mafuta ya moto yanarusha kila kitu usoni. Lita tano zatosha tindo moja moja. Chombo kiwe cha chuma na kifuniko chake kiwe karibu, ndoo ya plastiki isionekane hapo. Wakati wa kuchovya yawe na joto la nyuzi 60 hivi. Natumbukiza kipande cha nondo cha moto kuyapasha. Mafuta baridi ni mazito, yanapoza polepole kuliko ya uvuguvugu.

Usichovye juani. Rangi ya moto haionekani juani, na rangi ndiyo kipimo chako. Mimi nafanya jioni au nafunga mlango. Pasha upande wa makali tu, sentimita 6 au 7, kichwa kibaki laini kisije kikapasuka kwa nyundo. Moto wa mkaa uwe wa taratibu, feni ipunguze. Ning'iniza sumaku kwenye waya, gusisha mara kwa mara. Sumaku ikiacha, bado kidogo: ngoja rangi ing'ae hatua moja zaidi, iwe nyekundu ya nyanya iliyoiva vizuri, nyuzi 830 hivi. Ikifika rangi ya chungwa umepitiliza, punje zimeanza kuvimba. Ishikilie hapo dakika moja au mbili, kaboni ienee.

Kisha bila kusita, itumbukize wima. Ipandishe na kuishusha kidogo kidogo, usiipeleke kulia na kushoto, itapinda. Kuipandisha na kuishusha kunazuia pia mpaka mkali kati ya sehemu ngumu na laini, ambapo tindo nyingi hukatikia. Usiitoe ikiwa inawaka. Martensaiti ya chuma hiki inaanza kuzaliwa kwenye nyuzi 250 hivi, baada ya wekundu wote kutoweka, kwa hiyo ule ukimya baada ya mvumo wa kwanza ndio wakati wenyewe wa hatari. Mafuta yanaupitia pole kuliko maji, na hiyo ndiyo sababu tunayatumia. Itoe ikiwa inashikika kwa mkono.

Pitisha tupa makalini. Ikiteleza kama kwenye kioo bila kung'ata, umefaulu. Iking'ata, moto haukutosha. Rudia kuanzia kwenye hewa tulivu.

Na sasa tempa. Sasa hivi, kabla ya chai, kabla ya simu! Ng'arisha upande mmoja kwa msasa mpaka uwe mweupe. Pasha bonge la chuma liwe jekundu, lilaze karibu, weka kichwa cha tindo juu yake. Joto litatembea kutoka kichwani kuja makalini na rangi zitalitangulia: manjano ya mabua makavu, nyuzi 220, kahawia ya chai ya rangi, 260, zambarau ya bilinganya, 280, kisha bluu, 300. Ni utando mwembamba wa kutu unaonenepa, lakini ni kipimo cha kweli ukiwa na mwanga mzuri. Kwa tindo ya mawe nataka zambarau ifike makalini huku bluu ikiifuata nyuma. Hapo itumbukize kwenye maji kusimamisha rangi. Ng'arisha tena, rudia mara ya pili, kwa sababu moto wa kupita haraka haufanyi kazi yote.

Kinachotokea humo ni kama kule kugonga fremu kwa kidole, ila kwa kiasi. Kaboni iliyonaswa inatoka kidogo kidogo na kutengeneza chembe ndogo sana, kijisanduku kinalegea, baadhi ya mistari inajipanga upya na mingine inafutana. Sehemu kubwa inabaki, na ndiyo makali yako. Ukiendelea kupasha mpaka wekundu, umeifuta yote na una kipande cha springi laini.

Mara moja kila fungu la springi, chovya kipande cha majaribio usikitempe. Kizungushie gunia, vaa miwani, kifunge kwenye jiliwa, kivunje kwa nyundo. Miwani si ya hiari: kipande cha ukubwa wa punje ya mchele kiliwahi kunichana chini ya jicho kwa sababu nilisema ni pigo moja tu. Angalia palipovunjika. Pakiwa na kijivu laini kama ndani ya kikombe cha kauri kilichovunjika, punje zako ni ndogo. Pakimeta kama sukari, moto ulizidi, na fungu lote la siku hiyo lirudishwe kwenye hewa tulivu mara tatu.

Noa mwisho, pembe ya nyuzi 60, ukichovya kwenye maji kila baada ya sekunde chache. Bluu ikitokea makalini wakati wa grenda umetempa kupita kiasi pale pale; saga mpaka uivuke. Kisha ipige mara kumi juu ya nondo. Makali yakijikunja, yamelegea. Yakimenyeka, rudisha kwenye rangi na uongeze kidogo. Yakiacha alama kwenye nondo na kubaki yamenyooka, mkabidhi mpasua mawe. Wangu wengi wanatoka Kunduchi, na nawaambia wote jambo moja: kichwa kikianza kuchanua kama uyoga, kileteni nikisage, vipande vya pembeni huruka.

Zile tindo tatu zilizobaki Jumamosi ile tulizitempa asubuhi hiyo hiyo, kisha tukazipaka mafuta ya taa na chaki. Mbili zilikuwa safi. Ya nne ilichora mstari wa nusu sentimita, tukaikata.